Kutu ya stoo: usiulize ni nyingi kiasi gani, uliza iko wapi

Mtu akiniletea spea ya zamani yenye kutu, swali lake huwa lile lile: "Hii itasafishika?" Itasafishika, karibu kila mara. Nipe ndoo, siki, brashi ya waya na muda, nitakurudishia chuma cheupe. Ila chuma cheupe bado si spea. Kuna kipande kilicholiwa kwa nje mpaka kinatia aibu, ukikifunga kinapiga kazi miaka. Na kuna kingine kinang'aa, kina doa moja la kahawia dogo kuliko punje ya mtama, nalo hilo hilo likaua injini nzima. Kinachoamua ni kutu imekaa kwenye uso gani, na uso huo una kazi gani.

Haya yamenirudia sana tangu tulipoanza kufungua stoo ya marehemu baba mkubwa kule Kigamboni, upande wa Mjimwema. Enzi zake alikuwa na Land Rover 109 ya petroli, na kama wazee wengi wa rika lake, alikuwa hatupi kitu na haachi kununua. Vijana wa nyumbani wanacheka wakiona maboksi. Aliyemiliki gari nchi hii baada ya Vita vya Kagera hacheki. Fedha za kigeni hazikuwepo, ringi za pistoni zilipatikana kwa kujuana, na mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, hata kukutwa na mzigo ndani kulihitaji maelezo. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mwaka uliofuata Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, akashika nchi, na spea zikaanza kuonekana tena madukani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: wazee wakanunua za leo, za kesho na za mjukuu.

Tatizo ni kwamba mjukuu kazikuta kando ya bahari. Stoo haivuji hata tone, lakini kule Mjimwema si lazima paa livuje ndipo chuma kioze. Kutu inataka maji na oksijeni vikutane juu ya chuma, basi. Chumvi inaharakisha, na chumvi ya bahari inasafiri na upepo, inatua juu ya kila kitu. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji yenyewe kutoka hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75, na kwa Dar es Salaam usiku wa kufika hapo ni wa kawaida kabisa. Tena kuna hili la asubuhi: chuma kizito kama krenki, ile shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni, kimelala na ubaridi wa usiku, jua linatoka, hewa ya joto yenye unyevu inakigusa, kinatoka jasho. Kila siku. Ndiyo maana vitu vizito ndivyo tulivyovikuta vibaya zaidi.

Kabla hujagusa brashi, hakikisha kwanza kwamba ulichonacho ndicho. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakisugua kutwa nzima kitu ambacho hakitaingia popote. Mfano ni huu wa injini ya Land Rover ya ujazo wa cc 2,286, ile ambayo karibu kila fundi wa zamani anaijua. Mpaka 1980 krenki yake ilishikwa na beringi kuu tatu. Kuanzia mwaka huo ikawa tano. Kwa mbali injini ni ile ile, ila krenki ya beringi tano haikai kwenye bloku, yaani mwili wa injini, ya beringi tatu, hata umwite nani. Stooni tulikuwa na zote mbili. Baba mkubwa alinunua ya pili baadaye kwa kuwa ilipatikana, nadhani, maana wakati ule kitu kikipatikana ulikuwa ununue kwanza maswali yaje baadaye. Kwa hiyo osha grisi ya zamani kwa mafuta ya taa au dizeli, tafuta namba iliyopigwa kwenye chuma, hesabu, linganisha. Ukiridhika, sasa ndiyo uje kwenye kutu.

Njia za kuondoa kutu ni nyingi na watu huzibishania kama Simba na Yanga. Mimi natumia zote, kila moja kwa mahali pake.

Siki ya kawaida ya dukani, yenye asidi ya asetiki kama asilimia 5, inatosha kwa boliti, mabano, puli na vitu vya namna hiyo. Unazamisha usiku, asubuhi unasugua, unasuuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, unakausha mara moja na kupaka oili. Hapo kwenye "mara moja" ndipo wengi wanapoharibu. Chuma kikishatoka kwenye asidi kiko uchi. Ukiingia ndani kunywa chai, unakikuta kimepiga rangi ya chungwa juu. Kikaushe kwa upepo wa kompresa au kiweke juu ya bati la moto juani, kisha oili kikiwa bado na joto. Asidi ya sitriki ya unga, wanayouza kwenye maduka ya kemikali za kutengenezea sabuni na vinywaji, inafanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu na bila kunukisha uani: gramu 50 kwa lita moja ya maji. Ndimu nayo inafanya, kwa kuwa asidi ni ile ile, lakini kwa krenki utahitaji gunia.

Molasi ni ya watu wasio na haraka. Hii ni ile ile inayotoka viwanda vya sukari kama Kilombero na Mtibwa, wafugaji wanachanganya kwenye chakula cha ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, unazamisha, unasahau kwa wiki kadhaa. Inakamata kutu na kuiachia bila kukitafuna sana chuma kizima, na inaingia kwenye vijia ambavyo brashi haifiki. Gharama yake ni harufu, nyuki na nzi, na majirani kuanza kuuliza unapika nini. Mama mkubwa alivumilia pipa lile kwa heshima tu.

Umeme ndio ninaoupenda zaidi kwa vyuma vikubwa. Ndoo ya plastiki, maji, magadi vijiko vichache, chaja ya betri ya volti 12. Waya wa hasi unaushika kwenye spea, wa chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida ambacho hukijali, na viwili hivyo visigusane. Mapovu yanapanda, kutu inalegea na kugeuka matope meusi unayoyafuta kwa brashi laini. Fanyia nje, maana mapovu hayo yana hidrojeni na hidrojeni inawaka. Zima chaja kwanza kabla ya kushika waya. Na usitumie stenlesi upande wa chanya hata kama ndicho kipande pekee ulichonacho: inatoa kromu yenye sumu kwenye maji, na maji hayo huna pa kuyamwaga. Chaja nyingi za kisasa zinagoma mpaka zihisi betri, kwa hiyo tafuta ile ya zamani nzito ambayo fundi betri wa mtaani ameiweka chini ya meza.

Alumini usiiingize kwenye mchezo huu kabisa. Pistoni, kabureta, vifuniko, hivyo havishiki kutu, vinatoa unga mweupe, na maji ya magadi yenye umeme yatavitafuna kuliko kutu ilivyokula chuma. Vioshe kwa mafuta ya taa na brashi ya nailoni.

Grainda yenye brashi ya waya nimeiacha mwisho makusudi. Inafaa kwa gamba nene la nje ya bloku, basi. Ukiipitisha kwenye uso uliochongwa kwa mashine, unaung'arisha na kuuharibu kwa wakati mmoja. Anayeuza anaipenda, kwa kuwa spea iking'aa mteja hafungui macho. Ukiona krenki ya zamani inang'aa kila mahali kwa mng'ao mmoja, mpaka kwenye kona, uliza iling'arishwa na nini.

Sasa krenki yenyewe, ile ya beringi tatu. Ilitoka kwenye ndoo ya umeme ikiwa nyeusi, tukaifuta, tukaipaka oili nyembamba, tukailaza juu ya vipande viwili vya mbao. Mwili wake, yaani vile vibawa vizito kati ya shingo, ulikuwa umepigwa chapa ya kutu kama ramani. Huo haunisumbui, haugusi kitu. Shingo ndizo za kutazama, zile sehemu za mviringo zinazozunguka ndani ya beringi. Kuna shingo zilizokuwa na utando tu wa kahawia. Hizo unakata ukanda mrefu wa msasa namba 600, unauloweka oili, unauzungusha kwenye shingo mara moja na nusu, unavuta huku na huku kama mtu anayekausha mgongo kwa taulo, kisha unamalizia na namba 1000. Huo msasa haupunguzi kipimo cha kuonekana kama hukuzidisha. Unaondoa utando na kuacha doa jeusi lisiloshikika. Doa jeusi si tatizo. Mafuta hayajali rangi.

Pitisha kucha. Ncha ya kucha ikiteleza kutoka mwanzo mpaka mwisho, umepona. Ikikwama, hata kidogo, pale pana shimo, na shimo kwenye shingo lina kingo zitakazokwangua beringi laini kila mzunguko. Shingo moja ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ilikwama kucha sehemu mbili, pale ambapo karatasi iliyofungia ilikuwa imekunjana na kushika maji.

Tukaipeleka mtaa wa Gerezani, hapa Dar, kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kuchonga krenki. Baada ya shikamoo na marahaba akapitisha kucha yake mwenyewe, hakuuliza yangu ilisema nini.

"Beringi umeshanunua?"

"Bado, mzee."

"Vizuri. Usinunue mpaka nikwambie."

Ana haki. Krenki ya Mwingereza inapunguzwa kwa hatua za inchi 0.010, karibu milimita 0.25, kisha 0.020, 0.030, na beringi zinauzwa kwa hatua hizo hizo. Hujui shimo limezama kiasi gani mpaka jiwe lianze kula. Ukitangulia kununua za 0.010 na shimo likafutika kwenye 0.020, umebaki na beringi za pambo. Na ukichonga shingo moja ya konrodi, kwa kawaida unachonga zote nne zilingane.

Kabla ya kuiweka kwenye mashine alifanya jambo ambalo kila mwenye krenki ya stoo angepaswa kulifanya nyumbani, maana halina gharama. Aliipaka mafuta ya taa yakaingia kila kona, akaacha, akaifuta ikakauka kabisa, kisha akaipaka chaki iliyosagwa. Mahali penye ufa, mafuta yaliyojificha hutoka taratibu na kuchora mstari kwenye chaki. Alitazama hasa zile kona za mviringo ambapo shingo inaungana na kibawa, kwa kuwa nguvu zote za injini zinajikunja pale. Kishimo cha kutu katikati ya shingo kinachongeka. Kishimo kwenye kona hiyo ndicho mwanzo wa ufa, na krenki yenye ufa wa kona haina fundi. Yetu chaki ilibaki kavu. Halafu akachukua waya na kuanza kuzibua vitundu vya oili vinavyopita ndani, na kilichotoka mle ni ugoro wa kahawia wa kujaza kifuniko cha soda. Huo ugoro ungekwenda moja kwa moja kwenye beringi mpya siku ya kwanza ya kuwasha.

Vingine havikutuchukua muda hivyo.

Springi za valvu zenye vishimo zote zilitupwa, na sikujaribu hata kuzisafisha. Springi inaishi kwa kukunjwa na kukunjuka maelfu ya mara kwa dakika chache, kila kishimo ni mahali pa kukatikia. Tena asidi na umeme huingiza hidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama biskuti bila kuonyesha dalili. Kwa hiyo springi uliyoisafisha vizuri kwa siki inaweza kuwa hatari kuliko iliyokuja na kutu yake. Boliti za konrodi nazo nimeziweka kundi hilo. Kutu ndani ya nyuzi za boliti ya konrodi, aga nayo.

Beringi za gololi: zungusha kwa mkono karibu na sikio. Ikikwaruza baada ya kuoshwa, kutu iko kwenye njia ya gololi, na hakuna msasa wa kufika pale. Kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, tuliitazama kwenye vichwa vyake tu, maana ndivyo vinavyofanya kazi. Injini hii ina tapeti, vile vipande vinavyosukumwa na vichwa hivyo, za rola, na rola ikipita juu ya kichwa chenye mashimo inagonga badala ya kuviringika. Yetu ilikuwa na utando, ikapona. Valvu zina nyuso mbili za kuhukumiwa tofauti. Ule wa kukalia unasagwa na unga wa kusagia valvu mpaka utoe pete moja ya kijivu bila kukatika. Ule mguu wake ukiwa na vishimo, unakwenda kutafuna tundu unalopitia kama tupa, utavuta oili, utatoa moshi wa bluu.

Ringi za pistoni zilikuwa zimegandana ndani ya karatasi yake. Ringi ni chuma cha kasti, ukiibandua kwa nguvu unabaki na vipande viwili, hivyo tukaziloweka kwenye mafuta ya taa zikaachana zenyewe. Kisha unaiingiza ringi ndani ya silinda, unaisukuma kwa pistoni ikae sawa, na kupima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa silinda ya kipenyo cha karibu milimita 90, mwanya wa milimita 0.3 mpaka 0.4 ni wa kutulia nao. Zilizozidi sana hapo kutu ilikuwa imezimaliza.

Sili za mpira na gasketi za kizibo hazina mjadala, hata kama boksi halijafunguliwa. Cheni ya taimingi vile vile.

Na kwa wenye dizeli: nozeli na pampu zake zikishika kutu ndani, usihangaike. Plunja ya pampu, kile kijiti kinachosukuma dizeli, inapishana na ala yake kwa mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una kama 70. Hakuna kutu ndogo pale.

Lingine la kupima ni bei. Kuna vitu nilivyovitupa vikiwa vinasafishika kabisa, kwa sababu kipya kipo Kariakoo kwa hela ya nauli ya kwenda kukinunua. Na kuna vibaya zaidi nilivyohangaika navyo kwa kuwa havipatikani. Atakayekwambia kila cha zamani ni imara kuliko cha sasa, mwambie achague springi mwenyewe na aendeshe yeye.

Vilivyopona tumevifunga upya, na hapa nina ugomvi na desturi ya magereji mengi: oili chafu. Watu wanamwaga oili iliyotoka kwenye injini juu ya spea na kuamini zimehifadhiwa. Oili hiyo imebeba asidi za moto wa injini na maji. Unapaka kutu kwa brashi. Tumia oili mpya, hata ya bei ya chini, au grisi. WD-40 nayo ina wapenzi wengi. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kufukuza maji, na kazi hiyo inaifanya, lakini inaacha utando mwembamba ambao masika ya Kigamboni inaumaliza. Ipulize kwanza, kisha grisi juu yake.

Magazeti na maboksi ya karatasi tumeyatoa yote, yanakunywa unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Mfuko wa nailoni sawa, iwapo kilichomo kimekauka na kimepakwa. Ukifunga chenye unyevu umekitengenezea sufuria. Hakuna kinachokaa sakafuni, saruji inapandisha unyevu. Binamu ametengeneza kichanja cha mbao, na kila kipande kina kibandiko chenye kipimo na tarehe ya kupakwa, maana grisi nayo inakauka. Tunapitia upya kabla ya masika, mwezi Februari.

Springi, beringi na cheni zimeondoka na mkokoteni wa chuma chakavu, kwa bei ambayo mama mkubwa alijadiliana mwenyewe. Krenki ya beringi tano bado ipo: haijachongwa, ina shingo moja inayoshika kucha, kona zake nimezipima kwa chaki na ni kavu. Gari letu haliihitaji. Mwenye bloku ya baada ya 1980 aje na namba yake tulinganishe kwanza, bei tutaongea.